Pilipili mbuzi Kigoma: sado moja niuze bei gani bila kujipunja wala kufukuza wateja?

#1 Mama Bustani
Habari za jioni wakuu.

Nina mashina 140 ya pilipili mbuzi nyuma ya nyumba, Mwanga hapa Kigoma. Nilianza na miche kumi ya kujaribu, nikanogewa. Kila wiki nachuma debe, wiki nyingine debe na sado (lile kopo la lita nne). Mwezi wa tisa mchuuzi alikuwa ananipigia simu mwenyewe, anazifuata hadi mlangoni, sado 8,000. Sasa ni mwezi wa pili, sado ile ile anataka 2,500 na anakuja amenuna kama namdai.

Juzi nikajitanda khanga nikapita sokoni kimya kimya. Nikazikuta pilipili zangu (nazijua, zina makunyanzi kama uso wa mtu aliyelala mchana) zimepangwa mafungu, tano tano, fungu 200. Nikanunua fungu moja. Kufika nyumbani nikamwaga sado kwenye ungo nikahesabu: 152. Hayo ni mafungu 30, yaani 6,000. Mimi nabaki na 2,500, mwenzangu 3,500 na hajamwagilia hata kopo moja.

Naomba wenye uzoefu mnisaidie. Bei ya pilipili anaipanga nani? Na mtu wa bustani ndogo kama mimi nishike bei gani?

#2 Kifaru wa Ujiji
Umenunua pilipili zako mwenyewe? 😂 Uzi huu silali. Nimetandika mkeka hapa.

#3 Bonde la Luiche
Dada, hapo hakuna fumbo, ni msimu. Mvua zikishashika kuanzia mwezi wa kumi na moja, kila mtu anapanda hata nyuma ya choo. Mwezi wa pili na wa tatu zote zinaiva pamoja. Kiangazi, mwezi wa saba hadi wa tisa, aliye na pilipili ni aliye na maji. Sisi wa Luiche tunapandikiza mwezi wa nne mvua zikielekea kukata, mpaka wa saba tunachuma. Siku tisini hivi toka kupandikiza unaonja hela. Wewe una kisima?

#4 Mama Bustani
Nina bomba, na bili yake naijua mimi. Ndiyo maana naumia.

#5 Meza ya Tatu
Nimesoma nikasema leo lazima nijisajili nijibu. Mimi ni mchuuzi wa pilipili na nyanya chungu, si lazima niwe huyo wa kwako. Dada hesabu zako ni za siku ya kwanza tu.

Sado nimeipata asubuhi, mafungu 30. Siku ya kwanza nauza 10. Siku ya pili 8. Hapo ni 3,600. Siku ya tatu pilipili zilizobaki ni 60, na mbuzi ikishalala siku mbili juani inalegea, kikonyo kinakuwa cheusi. Natupa kama 20. Zile 40 nazipanga nane nane, mafungu matano, 1,000. Jumla 4,600. Toa 2,500 yako. Toa ushuru wa meza siku tatu, toa bajaji, toa anayekuja kusema "mama niongezee moja" na hujamnyima. Sasa hiyo 3,500 unayonidai iko wapi?

Halafu mnatuletea mmechuma na umande, zimejaa maji, mmefunga kwenye salfeti. Nikizamisha mkono chini nakuta majani na zilizopasuka. Juu zimepambwa kama bibi harusi.

#6 Kifaru wa Ujiji
Meza ya Tatu amejibu kwa hasira ya kweli. Pilipili usiyoila imekuwashia nini mama?

#7 Meza ya Tatu
Naila. Na nalala nayo vilevile, vidole havijapoa tangu 2016.

#8 Fundi Mizani
Mnagombania sado na sado yenyewe si kipimo. Wakala wa Vipimo wameimba hadi wamechoka: ndoo, kisado, debe, gunia la lumbesa lililojazwa kupita kiasi, vyote hivyo ni vyombo tu. Kipimo halali ni mizani. Nilipima hapa kwangu: sado ya pilipili mbuzi iliyojazwa hadi ukingoni ilikuwa kilo 1 na robo. Ile yenye kilele, ambayo mchuuzi anakwambia "jaza jaza mama", ilifika kilo 1 na nusu kasoro kidogo. Kwenye debe moja lenye sado tano za kilele umempa zaidi ya kilo nzima ya bure. Mama Bustani hulalamikii bei, unalalamikia kilele.

#9 Sinza Kijiweni
Huku Dar sado sasa hivi 7,000 mpaka 9,000. Pakia kwenye treni dada.

#10 Bonde la Luiche
#8 Mkuu, ni nani Kigoma anaingia sokoni kununua kilo ya pilipili? Kilo ni pilipili 120. Familia itakula hadi mtoto amalize darasa la saba. Mnunuzi wa hapa anataka ya 200 ya kutia kwenye migebuka ya leo, kesho atarudi. Fungu halijawekwa kumwibia mtu, limewekwa kwa sababu ya mfuko wake.

#11 Fundi Mizani
Mlaji sawa, anunue fungu. Nazungumzia mkulima na mchuuzi. Hapo katikati mizani inawezekana kabisa.

#12 Muha wa Kalinzi
Wote mmezunguka. Kigoma pilipili haina bei kwa sababu kila nyumba ina mti wake. Nenda Kalinzi, nenda Mahembe, nenda Matendo, mti uko kando ya jiko, umeota wenyewe, ndege ndiye aliyeupanda. Nani anunue? Anayenunua ni mpangaji wa mjini asiye na kiwanja, na mwenye mgahawa. Soko lako ni hao wawili, wengine ni waombaji.

#13 Mama Bustani
Hapo kwenye waombaji umenigusa. Majirani zangu hawajawahi kuninunulia hata ya mia. Jioni anatumwa mtoto: "Shikamoo, mama kasema tunaomba pilipili mbili." Nampa. Nyuma yake anakuja wa nyumba ya pili. Nikihesabu kwa wiki ni sado nzima inaondoka kwa "mbili mbili". Nikiuza wataniona mchoyo, nikitoa mume wangu anauliza bili ya maji.

#14 Mtoto wa Kibirizi
Mimi nakataa yote ya msimu. Bei ya Kigoma inapangwa na maboti. Angalia siku ambazo kuna maboti ya kwenda Kongo yanapakia Kibirizi. Mkongo bila pilipili hajala. Akija mmoja anayezoa magunia, asubuhi hiyo sado inapanda hadi jioni. Akikosekana wiki mbili, pilipili zinalia. Mwaka jana mwezi wa pili huu huu, mvua ikinyesha hivi hivi, niliuza sado 6,000. Sasa huo msimu ulikuwa umeenda wapi?

#15 Mpaka wa Manyovu
#14 yuko karibu na ukweli. Huku Buhigwe walikuwa wanavuka wa Burundi kununua vitu vingi, mboga, nyanya, pilipili. Faranga yao ilivyoshuka, mwenye faranga akija sokoni kwetu vitu vyote anaviona ghali. Siku hizi ni wao wanaotuletea, tena kwa bei ambayo wewe wa bomba huiwezi. Kwa hiyo pilipili zilizokuwa zinatoka zimegeuza njia.

#16 Kipara wa Tabora
Salaam kutoka Tabora. Ushauri wangu ng'oa hizo mbuzi panda kichaa. Kichaa ni kali kuliko zote, bei yake iko juu kwa sababu ya ukali. Ukali ndio unaouzwa.

#17 Mwalimu wa Baiolojia
#16 Rekebisho dogo. Kwa vipimo vya ukali, mbuzi inaizidi kichaa. Kipimo cha Scoville, kilichoanzishwa na Mmarekani Wilbur Scoville mwaka 1912, kinaiweka jamii ya mbuzi kati ya 100,000 na 350,000. Kichaa kwa kawaida ni 50,000 hadi 100,000, ingawa zipo zinazopita hapo. Kichaa inaonekana kali kwa kuwa ni ndogo, unaitafuna nzima na utando wake wote. Mbuzi unaitumbukiza kwenye mchuzi ikiwa nzima, unatafuta harufu, unaitoa kabla haijapasuka.

Na ukali hauko kwenye mbegu kama watu wanavyodhani. Uko kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu. Mbegu zinawasha kwa sababu zimegusana nao.

#18 Kipara wa Tabora
Mwalimu nimekusikia. Lakini njoo Tabora utafune kichaa ya bibi yangu halafu uniletee huyo Scoville.

#19 Kifaru wa Ujiji
Kuku wa jirani yangu anadonoa pilipili mbivu kama mtama. Hana hata jasho. Mwalimu eleza na hilo.

#20 Mwalimu wa Baiolojia
Ndege hawausikii ukali wa pilipili, kuku akiwemo. Mbegu zinapita tumboni zikiwa nzima, anakwenda kuzidondosha mbali. Ndiyo ile ya #12, mti umeota kando ya jiko haujapandwa na mtu.

#21 Mama Bustani
Kumbe mwizi wa pilipili za chini si mtoto wa jirani. Namwomba radhi kimoyomoyo.

Ila mnipe na dawa ya mikono. Wiki iliyopita nilichuma bila glovu, nikanawa kwa maji mengi, nikasahau nikapangusa jicho. Mchuuzi amenikuta nimekaa chini ya mwembe natokwa machozi, akaniambia "mama usilie, nitakupa 2,700."

#22 Muha wa Kalinzi
😂😂😂 Hiyo mia mbili imeongezwa kwa huruma. Kumbe bei inapangwa na machozi.

#23 Mwalimu wa Baiolojia
Kiwashacho hakiyeyuki kwenye maji, kinayeyuka kwenye mafuta. Paka mafuta mikononi, sugua, ndipo unawe kwa sabuni. Mawese yanatosha. Jichoni usipake mafuta, humo ni maji safi mengi na subira.

#24 Kifaru wa Ujiji
Mawese tena. Kigoma hata tukipata ajali ya pikipiki tutaambiwa mawese.

#25 Nguruka Stesheni
#9 anasema pakia kwenye treni. Nilishapakia, sikilizeni. Magunia mawili ya mbuzi mbichi, nimechuma mwenyewe na vibarua wawili. Njiani tulikaa zaidi ya ilivyotarajiwa. Mpokeaji wangu Dar akafungua gunia akanitumia picha: katikati limechemka, lina joto kama uji, usaha unatoka. Aliokoa kama theluthi moja akauza kwa bei ya mabaki. Nauli nililipa ya magunia mawili.

Kosa lilikuwa langu pia. Nilichuma jana yake jioni baada ya manyunyu, nikashindilia kwenye gunia la nailoni. Pilipili inapumua ndugu zangu. Chuma umande ukishakauka, chuma na kikonyo chake, itandaze kivulini ipoe, weka kwenye tenga lenye matundu au boksi lililotobolewa, usirundike. Nilipofanya hivyo mara ya pili, kwa basi, zilifika salama. Lakini nikitoa nauli, tenga, mpagazi wa huku, mpagazi wa kule na dalali wa kule, nilibaki na faida ambayo ningeipata Kasulu bila kulala macho.

#26 Sinza Kijiweni
Dalali wa kule ni nani tena? Mimi ningekupokelea.

#27 Nguruka Stesheni
Ndiyo nilivyoambiwa na yule wa kwanza pia.

#28 Mkulima Mstaafu wa Simu
Wakuu msidanganyike na hesabu za ekari moja milioni ishirini. Mimi niliingia mkataba wa kichaa miaka ya nyuma na kampuni moja, jina nalihifadhi. Walikuja na gari zuri, wakatuuzia mbegu, wakatupa semina na soda, wakasema kilo ya kavu wananunua wao yote. Nikalima nusu ekari huko Uvinza. Kuchuma kichaa ni adhabu, kibarua anachuma kutwa nzima kikapu hakijai, kila kapunje peke yake. Nikakausha. Nikapiga simu: namba haipatikani. Hadi leo.

Kilo tatu hadi nne za kichaa mbichi zinatoa kilo moja kavu. Mbuzi ina maji mengi zaidi, usijisumbue kuikausha, mimi nilipata kilo moja kwa karibu nane. Nilibaki na magunia ndani, nyumba nzima inapiga chafya. Niliuza kidogo kidogo kwa wakaanga mihogo kwa miaka miwili.

#29 Ugani Kata
Kwa anayekausha: usianike chini wala kando ya lami. Tengeneza kichanja cha wavu, geuza, funika usiku. Ikipata unyevu inashika kuvu, na kuvu wengine wanaacha sumukuvu ambayo huioni wala huinusi, na kuisaga hakuiondoi.

Mama Bustani, naomba kuuliza, majani ya juu yanajikunja? Mashina 140 ya mbuzi kwa mwaka wa kwanza, kama yako mita moja kasoro robo kutoka shina hadi shina na yana samadi, nilitegemea uvune zaidi ya debe.

#30 Mama Bustani
Yanajikunja, kama mashina thelathini hivi. Nilidhani ni jua.

#31 Ugani Kata
Siyo jua. Geuza jani uangalie chini. Ukiona vidudu vyeupe vinaruka ni inzi weupe, hao hueneza virusi, na shina lililoshikwa haliponi, ling'oe ulichome. Ukiona vidogo mno vinatambaa kama vumbi, ni utitiri, huyo anatibika. Kwa maoni yangu tatizo lako la kwanza siyo bei. Una theluthi ya mavuno inakaa shambani.

#32 Muha wa Kalinzi
Akivuna zaidi bei si itashuka zaidi? Afisa hapo umemsaidia au umemzamisha?

#33 Jikoni kwa Shangazi
Achaneni na kuuza mbichi, tengenezeni chachandu. Mimi nasaga mbuzi, karoti, kitunguu saumu, limau, chumvi ya Uvinza, naweka kwenye mawese ya moto, chupa ndogo 2,000. Debe lako moja dada ni chupa zaidi ya themanini. Wateja wangu ni wauza mihogo na wachoma samaki pale ufukweni. Shida ni kibali tu, nasikia mpaka uende TFDA.

#34 Fundi Mizani
Shangazi, TFDA imeshabadilika tangu 2019. Sasa ni TMDA na inashughulika na dawa na vifaa tiba. Chakula kilihamia TBS, shirika la viwango. Mjasiriamali mdogo anaanzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, ofisi ipo Kigoma, anapata mafunzo na barua ya kumtambulisha TBS. Na chupa ya pombe iliyooshwa usiende nayo.

#35 Jikoni kwa Shangazi
Umejuaje kuhusu chupa?

#36 Mwalimu wa Baiolojia
Shangazi, la chupa ni dogo. Kitunguu saumu kibichi kwenye mafuta bila asidi ya kutosha, ukakiacha kabatini, ndiyo hatari. Mafuta yanazuia hewa, na kimelea cha botulizimu kinastawi pasipo hewa. Ongeza siki au limau hadi pH iwe chini ya 4.6, upime, usikisie kwa ulimi. Vinginevyo iwe ya kuuza na kuliwa siku hiyo hiyo.

#37 Jikoni kwa Shangazi
Nauza miaka sita hakuna aliyelalamika.

#38 Kifaru wa Ujiji
Labda ndio waliokosa nafasi ya kulalamika.

#39 Meza ya Tatu
Na mimi nitoe siri moja kabla sijafunga meza. Bibi alinifundisha pilipili haipokewi mkononi, mtagombana. Mteja namwambia okota mwenyewe hapo mezani. Anayeokota mwenyewe anachagua kubwa, anafurahi, haombi nyongeza. Mama Bustani, nawe unampa mchuuzi wako sado mkononi ndiyo maana hamuelewani 😂

Nyingine: changanya rangi. Fungu la kijani tupu linakaa. Tia nyekundu mbili na njano moja, linaondoka.

#40 Mtoto wa Kibirizi
Kijani na njano zinakaa, nyekundu inaondoka. Umeanza siasa za Simba na Yanga wewe mama.

#41 Meza ya Tatu
Nimesema njano iwepo. Soma tena.

#42 Mama Bustani
Narudi baada ya wiki tatu kutoa mrejesho kama nilivyoelekezwa.

Kwanza nimeng'oa mashina 26. Roho iliniuma, nikayachoma usiku majirani wasinione. Moshi ukaenda kwao, mtaa mzima umekohoa, wamejua.

Nimenunua mizani ya kuning'iniza. Mchuuzi nikamwambia kuanzia leo ni kilo, 2,500. Akaitazama ile mizani kama nimemtolea bunduki. Akasema atanunua kwa sado kwa mama mwingine hapo Gungu. Ameondoka kweli, siku nne. Siku ya tano amerudi akasema sawa, kilo, ila 2,000, na nimjazie kwenye sado kwanza ndipo tuitundike. Nimejaza. Bila kilele. Ikatoka kilo 1 na robo, kwa hiyo bado ni 2,500 ile ile.

Mgahawa mmoja wa njia ya stesheni nao nimewapelekea kilo mbili kila Ijumaa, 3,500 kilo, zenye kikonyo, nyekundu na njano tu. Wiki mbili wamelipa. Ya tatu wamesema nipite Jumatatu.

Kwa majirani nimeweka kibakuli barazani, anayeomba achukue humo, ni zile zenye kovu. Siku ya kwanza nikakuta mtu ameweka 200 ndani. Sijui ni nani na sijui ni kwa pilipili ngapi.

Lakini kilichonirudisha hapa ni hiki. Jana sado sokoni ilikuwa 6,000. Leo asubuhi 4,000. Mvua haijanyesha, boti halijaondoka, nimeuliza. Imekuwaje?

#43 Mtoto wa Kibirizi
Nani kakwambia boti halijaondoka? Limeondoka saa kumi alfajiri.

#44 Bonde la Luiche
Jana Ijumaa, leo Jumamosi. Migahawa ilishanunua. Boti gani.

#45 Fundi Mizani
Kabla hamjaendelea: sado ya nani?